Usukani mpya kwa mashua ya zamani: tafuta mhimili kwanza, ubapa baadaye

SWALI: Shikamoo fundi. Nina mashua ndogo ya matanga, ya fibaglasi, urefu wa mita 6.5, iliyoundwa miaka ya 1970. Usukani wake unaning'inia nje kwenye ubao wa tezi, yaani nyuma ya mashua, na ubapa wake, ule ubao unaozama majini, hukunjika ukigusa mchanga. Ubapa huo ni plaiwudi ya milimita 25. Umepasuka kuanzia tundu la bolti, na tabaka zake zinaachana. Tena kana, ule mkono wa kugeuzia usukani, ni nzito mno upepo ukizidi. Mara mbili mashua imegeukia upepo kwa nguvu huku nimeivuta kana kwa mikono miwili. Nimepata njia tatu: usukani uliotumika wa mashua ya aina hiihii, ubapa mpya wa plastiki uliochongwa umbo la bawa na unaozidi wangu kwa sentimita 15, au kumpa seremala anichongee. Nichukue upi? Na ule mrefu utaniondolea tatizo la kana nzito?

JIBU: Marahaba. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuchagulia kati ya hizo njia tatu. Hapana, ubapa mrefu hautakuondolea uzito wa kana. Huenda ukauongeza. Umenieleza maradhi mawili ukadhani ni moja. Kana kuwa nzito ni habari ya mahali ubapa ulipokaa kulingana na mhimili, yaani ule mstari unaopita katikati ya pini zinazoushikilia usukani kwenye tezi, ambao usukani wote unauzunguka. Mashua kukushinda na kugeukia upepo ilhali kana umeivuta mpaka mwisho ni habari nyingine: hapo maji yamebanduka kwenye ubapa, na ubapa umebaki ubao wa kuburutwa tu. Tatizo la kwanza hutibiwa kwa kusogeza, la pili kwa kuchonga. Urefu husaidia kidogo hilo la pili, ila una gharama yake, nitaifikia.

Kabla hujamlipa mtu yeyote, fanya kipimo hiki mashua ikiwa nchi kavu. Pachika usukani, shusha ubapa mpaka ugote. Chukua uzi uliokazwa au ubao ulionyooka, upitishe kwenye vitovu vya pini zote mbili, kisha uuendeleze hadi chini kabisa ya ubapa. Chora mstari huo kwa chaki. Usitumie timazi: ubao wa tezi wa mashua nyingi umelala kidogo, na mhimili umelala pamoja nao, kwa hiyo wima wa timazi utakudanganya. Mstari wa chaki ndio mhimili wako wa kweli.

Sasa tazama. Katika sukani nyingi za miaka ile mstari huo hauugusi ubapa kabisa. Unapita mbele yake kwa sentimita 3 au 4, kwa kuwa pini zimefungwa kwenye ukingo wa mbele. Ubapa unapopokea maji kwa pembe ndogo, nguvu yake hukusanyika karibu na robo ya upana kutoka ukingo wa mbele. Tuseme ubapa wako una upana wa sentimita 30: robo yake ni 7.5. Ongeza 3.5 za pengo, unapata 11. Hizo sentimita 11 ndizo mkono wa wenzo ambao maji yanautumia kushindana nawe. Ukiusogeza ubapa mbele mpaka asilimia 15 ya upana wake, yaani sentimita 4.5, itangulie mhimili, mkono huo unabaki sentimita 3. Nguvu ya maji ni ileile, mashua inageuka vilevile, lakini kiganjani unahisi kama robo tu ya uzito uliokuwa ukiubeba.

Usinogewe ukazidisha. Usukani wa kwanza niliochonga kwa mkono wangu niliutanguliza zaidi ya robo, nikijiona mjanja. Tulipong'oa nanga kana ilikuwa nyepesi ajabu, nami nikatabasamu. Mashua iliposhika mwendo, kana ikanichomoka mkononi, ikampiga mwenzangu gotini, na mashua ikazunguka kana kwamba imeitwa na mtu. Robo ya upana ikishakuwa mbele, kituo cha nguvu kimeukuta mhimili. Ukipita hapo, maji ndiyo yanayoshika kana na wewe ni abiria. Hata kabla ya kufika huko, kana isiyo na uzito wowote ni bubu: haikuambii kama tanga limebanwa mno au mashua inataka kugeukia upande gani. Asilimia 12 hadi 17 inatosha. Ishirini ni mpaka ambao mimi siuvuki tena.

Kuna jambo moja nakuomba ulikague hata kabla ya hayo, maana linaweza kukuokolea hela zote. Je, ubapa wako unashuka kweli mpaka mwisho mashua ikiwa safarini? Plaiwudi huelea, na kamba ya kuishushia huvutika kadiri inavyozeeka. Mashua ikiwa imetulia unaona ubapa umekaa sawasawa. Ikishika kasi, maji yanausukuma nyuma, kamba inarefuka, na ubapa unalala. Digrii 15 za kulala nyuma huwezi hata kuziona ukiwa umekaa kwenye kana. Lakini kituo cha nguvu kikiwa sentimita 60 chini ya bolti, digrii hizo zinakirudisha nyuma sentimita 15 hivi. Zile 11 zimekuwa 26. Mpe mtu kana, lala kifudifudi juu ya tezi, uchungulie mashua ikienda kasi. Nimewahi kuona mtu aliyekwisha kununua usukani mpya akagundua kwamba dawa yake ilikuwa kamba mpya isiyovutika.

Kinyume chake pia ni kweli, na ndiyo njia rahisi ya kupata ule utangulizi wa asilimia 15 bila kugusa pini. Ubapa wa kukunjika unaweza kuruhusiwa upite kidogo mbele ya ulipogotea zamani. Digrii 6 tu mbele zinasogeza kituo cha nguvu kama sentimita 6. Mara nyingi kinachozuia ni kigingi au kona ya ubao ndani ya kichwa cha usukani, yaani sehemu ya juu inayoubana ubapa, na tupa inaimaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Angalia tu ukingo wa mbele usiguse mashua pale chini ya tezi. Acha nafasi ya sentimita moja na nusu, kana uijaribu kulia na kushoto mpaka mwisho. Kamba ya kushushia ifungwe kwenye kibanio kinachojiachia chenyewe kikizidiwa, kwa sababu ubapa uliokazwa kwa fundo la kawaida ukigonga mwamba hauna pa kwenda isipokuwa kuvunjika, au kung'oa pini pamoja na kipande cha tezi.

Kuhusu matanga nitapita haraka, si kwamba ni jambo dogo, ila hukuniuliza. Mashua inayoinama sana hutaka yenyewe kugeukia upepo, na hakuna usukani wa kuizuia. Tanga la zamani limevutika, limetuna kama mfuko, nalo huinamisha mashua kuliko lilivyofanya likiwa jipya. Punguza tanga kuu mapema, na kagua mlingoti kama haukulala nyuma kuliko ulivyowekwa awali. Nyaya za zamani huruhusu hilo taratibu bila mtu kujua. Ukifanya hayo na bado kana inakushinda, ndipo usukani unastahili lawama.

Sasa umbo. Ubapa wako ni ubao bapa ambao kingo zake zimezungushwa kwa msasa. Zamani ndivyo walivyofanya, kwa kuwa ilikuwa kazi ya haraka. Shida yake ni kwamba maji yanayopinda kuuzunguka ukingo wa mbele hukuta kona halafu uwanja tambarare, nayo hayawezi kuufuata. Pembe ikizidi kidogo yanabanduka upande mmoja, na nguvu ya kugeuza mashua inaporomoka. Ukivuta kana zaidi unazidisha ubaya, unaongeza breki tu. Hicho ndicho kilichokupata zile mara mbili. Dawa, japo haiingii akilini, ni kuilegeza kana kidogo ili maji yaushike ubapa tena, halafu uvute polepole. Jaribu hata kwa usukani ulio nao sasa.

Ubapa wenye umbo la bawa hushikwa na maji kwa pembe kubwa zaidi. Mwaka 1933 NACA, kamati ya Marekani ya utafiti wa usafiri wa anga ambayo baadaye ilirithiwa na NASA, ilichapisha maumbo ya mabawa yanayotambulishwa kwa tarakimu nne, na mafundi wa mashua wanayatumia mpaka leo. Yanayoanza na 00 yana pande mbili zinazolingana, ndiyo yanayotufaa sisi, kwani usukani hugeuka kote. Tarakimu mbili za mwisho ni unene kwa asilimia ya upana. Kwa hiyo 0012 kwenye upana wa sentimita 30 ni unene wa milimita 36, nao uko kwenye asilimia 30 ya upana, sentimita 9 kutoka mbele, wala si katikati kama wengi wanavyodhani. Ukingo wa mbele ni mviringo wenye nusu kipenyo cha karibu milimita 5. Shika kidole chako cha mwisho, utazame ncha yake: ndiyo kadiri ya ubutu unaotakiwa.

Ubutu huo ndio maseremala wanaoukataa. Kila niliyempa kazi hii alitaka kunichongea ukingo wa mbele mkali kama panga, akiamini utakata maji vizuri. Panga hukata vizuri maji yakija uso kwa uso. Kazi ya usukani ni maji yanayokuja kwa pembe, na mbele ya pembe ukingo mkali ndio wa kwanza kuachiwa. Ukali unahamia nyuma: ukingo wa nyuma uwe mwembamba, milimita 2 au 3, ukatwe mraba kabisa. Ukiuzungusha nyuma, maji hujikunja huku na huku yakitoka, na usukani huanza kuvuma. Ukiwa na mvumo unaousikia miguuni mashua ikifika kasi fulani, tatizo mara nyingi liko kwenye huo ukingo. Ukate upya mraba, au kwa mshazari upande mmoja, mvumo utakoma.

Basi turudi kwenye zile sentimita 15. Ubapa unaozama sentimita 70 ukiufanya 85, upana uleule, eneo linaongezeka kwa asilimia 21. Linasikika dogo. Ila nguvu hiyo iliyoongezeka inafanya kazi kwenye mkono mrefu zaidi pia, na hivyo mzigo wa kuuvunja ubapa pale unapotokea kwenye kichwa unapanda kwa asilimia 47. Tuuweke kwa kilo. Ubapa wa mita ya mraba 0.2, mashua ikienda mita 3 kwa sekunde, ukielekea kikomo cha uwezo wake, hupokea nguvu ya karibu kilo 90. Mashua ikiporomoka na wimbi la tezi, linaloisukuma kutoka nyuma, kwa mita 4 kwa sekunde, nguvu inapita kilo 160, maana hupanda kwa mraba wa kasi. Fikiria watu wawili wanene wamekaa kwenye ncha ya ubao uliobanwa upande mmoja. Halafu unataka kuurefusha ubao huo, huku pini, pete zinazopokea pini hizo, na bolti zilizoingia tezini ni za miaka ya 1970.

Urefu una faida yake, sikatai. Mashua ikiinama, sehemu ya usukani hutoka majini, na unaoning'inia nje una adui mwingine, hewa, inayonyonywa kutoka juu ya maji ikashuka kando ya ubapa mpaka unashika povu badala ya maji. Sentimita 5 au 7 zaidi chini zinasaidia katika yote mawili. Kumi na tano kwa mashua yako ni tamaa, labda uwe umeshabadilisha vyuma vyote na kuimarisha tezi kwa ndani. Kama mashua yako ina mkuku (uti wa chini ya mashua) usiokunjika, ubapa usiteremke chini ya mkuku. Acha mkuku uguse mchanga kwanza. Wabunifu wa mashua hizi huwa wanapanga eneo la usukani kati ya asilimia 1 na 2 ya eneo la matanga. Pima ya kwako: ukiwa na matanga ya mita za mraba 20, basi 0.21, yaani sentimita 30 kwa 70, imo kwenye kiwango, ingawa upande wa chini. Kwa hiyo hukupungukiwa eneo kiasi unachodhani.

Kati ya njia zako tatu, uliotumika ndio ninaouamini kidogo zaidi. Uzuri wake ni mmoja: pini zitaingia bila kuhangaika. Lakini ni wa umri uleule, wa plaiwudi ileile, na bapa uleule. Unanunua ugonjwa wako kwa mwingine. Kama bei inakuvutia, nenda na sarafu na mizani ya kuning'iniza. Gonga sarafu kutoka juu hadi chini: plaiwudi nzima hulia kavu, iliyoachana hulia kama debe lenye kitambaa ndani. Pima uzito, kisha ulinganishe na ujazo wake. Plaiwudi kavu ni nyepesi kuliko maji waziwazi, iliyokunywa maji inakaribiana nayo. Chungulia tundu la bolti kwa tochi, utie ukucha: mbao ikibonyea, ondoka. Mwisho shika ubapa kama bunduki, uangalie kwa jicho moja ukingo wake wote kama haujajipinda. Sababu pekee ya kuung'ang'ania wa asili ni mashindano: aina nyingi za mashua zina kanuni za umbo na uzito wa usukani, na mwenye nia ya kushindana azisome kabla ya kuchonga kitu.

Wa plastiki, ambao kwa kawaida ni poliethilini nzito, ni chaguo zuri kwa mtu anayetia mashua ufukweni kila siku. Hauozi, haunywi maji, ukigonga jiwe unakwaruzika tu. Ubaya wake ni ulaini. Utauona ukijipinda mashua ikibanwa na upepo, na ukiuacha juani umeegemezwa vibaya utaamka na mkunjo. Gundi haiushiki, rangi haiushiki, kwa hiyo kila kitu kifungwe kwa bolti zinazopenya mpaka upande wa pili, zenye washa pana. Muulize muuzaji unene wake pale unapoingia kichwani, na kama umejaa ndani au una uwazi. Ukiwa umejaa, kuna siri ambayo wauzaji hawaisemi: zile 15 zinazozidi unaweza kuzikata kwa msumeno ukabakiza 5, ukaizungusha ncha kwa randa, na hakuna kilichoharibika, kwani plastiki ni ileile toka nje hadi ndani. Ubapa wa mbao uliofunikwa fibaglasi huwezi kuufanyia hivyo bila kuufunika upya.

Mimi ningechonga. Tena si kwa plaiwudi. Plaiwudi hupanga tabaka zake kwa kupishana, moja kwa urefu, nyingine kwa upana, na usukani hupindwa kwa urefu. Karibu nusu ya mbao uliyonunua haikusaidii pale unapovunjika. Pasua mbao nyepesi iliyokauka vizuri, yenye nyuzi zilizonyooka, iwe vipande vya upana wa sentimita 4 au 5. Geuza kimoja juu chini, kimoja kama kilivyo, ili kila kimoja kikitaka kujipinda jirani yake amkatalie. Gundisha kwa epoksi, kwa vibano visivyokazwa mno, maana gundi yote ikikamuliwa nje mbao zimebaki zimegusana tu. Ukingo wa mbele weka kipande cha mbao ngumu, ndicho kitakachokutana na mawe.

Seremala mpe vielelezo, usimpe maneno. Kata nusu ya umbo la 0012 kwenye plaiwudi nyembamba, kama kibao chenye bonde, akipachike juu ya ubapa kila baada ya randa chache mpaka mwanga usipite chini yake. Upana ukipungua kuelekea ncha, tengeneza vitatu: cha juu, cha kati na cha chini. Sehemu inayoingia kwenye kichwa ibaki bapa. Na hapa fanya uamuzi mmoja zaidi: kichwa chako kina pengo la milimita 25. Ukikitenganisha na kuweka vipande vya kati vipya vya milimita 32, uimara wa ubapa kwenye shingo yake unapanda kwa zaidi ya asilimia 60, kwa kuwa uimara wa ubao dhidi ya kupindwa hufuata mraba wa unene. Ndipo ulipopasuka ule wa kwanza. Usirudie shingo ileile.

Juu ya mbao funika fibaglasi kwa epoksi, wala si poliesta. Poliesta juu ya mbao hubanduka kama ganda baada ya misimu michache. Tabaka la nyuzi zinazoenda kwa urefu ni kwa ajili ya kupindwa, lililolazwa mshazari ni kwa ajili ya kusokotwa. Pande zote mbili zilingane. Tundu la bolti litoboe kubwa kupita kiasi, lijaze epoksi iliyokorogwa na unga wa kuikaza, likishakauka litoboe tena kwa kipimo cha bolti. Hivyo bolti inazunguka ndani ya epoksi, na maji hayaioni mbao. Fundi aliyetengeneza usukani wako hakufanya hivyo, na ndiyo sababu ufa ulianzia hapo. Mwisho paka rangi, kwani epoksi huchakazwa na jua.

Vyuma navyo. Pima kipenyo cha pini kwa kalipa, si kwa rula, na pima mwachano wa vitovu vya pete. Pini za mashua za zamani mara nyingi zilipimwa kwa inchi: ya milimita 9.5 ikiingia kwenye pete ya 10 itacheza, na mchezo huo ukiendelea mwaka mzima pete inakuwa na umbo la yai. Bushi za nailoni huvimba zikinywa maji, kana ikawa nzito kwa sababu isiyohusiana na chochote nilichokwisha kusema. Tafuta za asetali, plastiki ngumu isiyovimba hivyo. Pini ya chini iwe ndefu kuliko ya juu, ili unapopachika usukani huku mashua inayumba, ya chini iingie kwanza, kisha ya juu ujiongoze. Fungua bolti moja ya pete ya chini uitazame shingo yake. Chuma cha pua hupendeza kichwani, na kulikofichika ambako maji yametulia bila hewa hulika vishimo. Ikiwa na vishimo, badilisha zote, uziwekee bamba pana kwa ndani ya tezi.

Kwa msomaji mwingine ambaye usukani wake hauning'inii nje bali una mtaimbo, yaani fimbo nene ya chuma, unaopanda ndani ya mashua, chuma ndicho hofu yako kubwa. Ndani ya magamba mawili ya fibaglasi kuna povu na mbavu za chuma zilizochomelewa kwenye mtaimbo huo, na maji huingia pale mtaimbo unapozama kwenye ubapa. Mtu abane kana isitikisike, wewe usukume ubapa huku na huku. Ukicheza wenyewe, mbavu zimeachia. Michirizi ya kahawia inayotoka kwenye ufa ni kutu. Toboa tundu dogo chini, uache usiku kucha, uone kama kuna kitakachodondoka.

Ukishapachika mpya, kabla ya safari yoyote ndefu nenda siku ya upepo wa wastani, ufunge kamba fupi kati ya usukani na mashua. Usukani mwepesi wa mbao huelea, na wimbi moja la tezi linatosha kuuinua kutoka kwenye pete ikiwa kile kibano cha juu ya pini kimechoka. Achia kana kwa sekunde tatu, uone inaelekea wapi: mashua ikigeukia upepo taratibu, umepatia. Ikienda kasi upande wowote, rudi kwenye mstari wa chaki. Ule ubapa uliopasuka usiuchome kuni. Uandike vipimo vyote kwa kalamu ya rangi juu yake, mhimili, bolti, usawa wa maji, uutundike bandani.